Namna ya kuonesha mwelekeo wa tafiti za sera ya elimu: kwa mwalimu anayeanza

Kila wanafunzi wapya wa uzamili wanapoanza kuandika mapendekezo yao, maswali ni yaleyale. Wanakuja mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, wengine wameteremka asubuhi kutoka Muheza au Korogwe, wengi ni walimu wa shule wanaosoma huku wanafundisha. "Msimamizi kasema nioneshe mwelekeo wa tafiti. Nauonesha vipi?" "Nitamjuaje mwenye ushawishi kwenye mada yangu?" "Na hii fahirisi h ndiyo nini?" Nimejibu kwa mdomo mpaka kahawa inapoa. Sasa naandika, ili ukija mezani uje na swali la pili.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: lugha ya kufundishia katika sera ya elimu Tanzania. Mwalimu yeyote aliyesimama mbele ya Kidato cha Kwanza anaijua mada hii bila kusoma makala hata moja. Uliza kwa Kiingereza, darasa linakuwa kama msiba. Uliza kwa Kiswahili, mikono yote juu. Wewe weka mada yako mahali pake.

Kabla hujaanza, uwe na hivi:

- Kompyuta. Simu itakusaidia kutafuta, lakini kuchora ramani ya tafiti kwa simu ni kujitesa. Laptopu ya zamani inatosha.
- Programu za bure: Zotero ya kutunzia marejeo, VOSviewer ya kuchorea ramani (imetengenezwa na Nees Jan van Eck na Ludo Waltman wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi), na Excel au LibreOffice ya kuhesabia.
- Akaunti ya Lens, tovuti ya kutafutia machapisho ya kitaaluma, nayo ni bure. Fungua kwa barua pepe unayoitumia kweli, si ile uliyosahau nywila yake.
- Bando la wastani. Kutafuta hakuli sana. Kinachokula ni kupakua makala nzima nzima. Hizo zikusanye, uzipakue siku moja ukiwa penye waifai.
- Daftari la karatasi. Sitanii. Utaona kazi yake hatua ya nne.
- Jioni kama kumi hivi. Anayekwambia inafanyika kwa usiku mmoja hajaifanya.

Hatua ya 1: Lifunge swali

"Mwelekeo wa tafiti za sera ya elimu" si swali, ni bahari. Andika sentensi moja yenye mambo matatu: mada, mahali, miaka. Mfano: tafiti kuhusu lugha ya kufundishia shule za sekondari Tanzania, 1995 hadi 2024. Kwa nini 1995? Kwa sababu ndio mwaka wa Sera ya Elimu na Mafunzo. Ukichagua mwaka wa kuanzia, uwe na sababu inayotoka kwenye historia ya elimu yenyewe: 1967 Elimu ya Kujitegemea, 1977 elimu ya msingi kwa wote, 1995 sera, 2002 MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), 2016 elimu bila malipo. "Miaka kumi iliyopita" ni sababu ya mtu aliyechoka, na msimamizi ataijua.

Hatua ya 2: Kusanya majina yote ya mada yako

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu mmoja anaandika "language of instruction", mwingine "medium of instruction", wa tatu "language policy in education". Lugha yetu mmoja anaiita "Swahili", mwingine "Kiswahili". Ukitafuta kwa jina moja, umeacha nusu ya samaki baharini halafu utaandika kwamba bahari haina samaki.

Chukua makala tano unazozijua tayari. Soma kichwa, ikisiri na maneno muhimu yake. Kila jina jipya liandike. Kisha yaunganishe hivi:

("language of instruction" OR "medium of instruction" OR "language policy") AND (Tanzania OR Kiswahili OR Swahili)

Alama za kunukuu zinashika maneno yakae pamoja. OR na AND ziandike kwa herufi kubwa. Mabano usiyasahau, bila hayo mashine inachanganya mambo, itakuletea makala za Swahili zisizohusu elimu kabisa.

Halafu tafuta tena kwa Kiswahili: "lugha ya kufundishia". Utapata machache, lakini hayo machache mara nyingi hayajaonwa na wenzako.

Hatua ya 3: Chagua pa kutegea

Ukitega dema mahali pamoja, utapata samaki wa mahali pamoja. Nami napendekeza mahali panne.

Lens ndiyo iwe ya msingi, kwa sababu inakuruhusu kupakua rekodi nyingi kwa mkupuo na faili lake linasomeka kwenye VOSviewer. Kama chuo chako kimelipia Scopus, hifadhidata ya kibiashara ya makala, itumie pia, ila ujue kwamba majarida mengi ya Afrika hayamo humo. Kwa hayo nenda African Journals Online, iliyoanza 1998 na makao yake ni Afrika Kusini. Ya tatu ni ERIC, hifadhidata ya serikali ya Marekani ya mambo ya elimu tu. Ni bure, na ina ripoti za zamani ambazo huzipati kwingine. Google Scholar iwe ya mwisho, ya kukagulia. Inashika vitu vingi, tasnifu na ripoti zimo, lakini haioneshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja, haikupi njia ya kupakua yote kwa pamoja, na hesabu yake ina takataka.

Usisahau majarida ya nyumbani. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatoa *Kiswahili* na *Mulika*. Chuo Kikuu Huria kina *Huria*. Mwanafunzi wa Tanga anayenukuu majarida ya London peke yake kuhusu darasa la Pangani, mimi humwuliza kama amewahi kupita Pangani.

Hatua ya 4: Tafuta, andika, pakua

Daftari sasa. Kwa kila utafutaji andika: tarehe, mahali, maneno uliyotumia kama yalivyo, vichujio ulivyoweka, na idadi ya matokeo. Kesho ukirudia, idadi itakuwa imebadilika, na bila daftari hutaweza kueleza kwa nini. Sura yako ya mbinu za utafiti inatoka humu moja kwa moja.

Kwenye Lens weka kichujio cha miaka na aina ya chapisho, kisha pakua faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) lenye taarifa zote. Kwenye ERIC na African Journals Online unaweza kuingiza rekodi Zotero moja moja kwa kitufe cha kivinjari.

Onyo: usichuje vitabu haraka. Mradi wa LOITASA, wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, ulioanza 2002 chini ya watafiti kama Birgit Brock-Utne wa Oslo, Zubeida Desai wa Western Cape na Martha Qorro wa Dar es Salaam, sehemu kubwa ya kazi zake zilitoka kama sura za vitabu. Ukibaki na makala za majarida tu, umefuta kipande kizima cha historia ya mada hii kwa kubofya mara moja.

Hatua ya 5: Safisha

Hii ndiyo hatua inayochosha. Ifanye ukiwa umeshiba.

Kwanza, ondoa zilizojirudia. Zotero ina sehemu inayokuonesha rekodi zinazofanana, ziunganishe. Pili, soma kichwa na ikisiri ya kila moja na uamue: imo au haimo. Makala inayotaja Tanzania mara moja kwenye orodha ya nchi za Afrika si makala kuhusu Tanzania. Tatu, rekebisha majina. Mtu mmoja anaweza kuonekana kama "Brock-Utne B", "Brock-Utne, Birgit" na "Utne B", na mashine itadhani ni watu watatu. Nyerere naye vilevile: "Nyerere JK", "Nyerere J", "Nyerere, Julius K." Usiposafisha, ushawishi wa mtu mmoja unagawanywa kama mali ya marehemu.

Hatua ya 6: Hesabu kwa mwaka, kisha igawe

Fungua Excel, hesabu makala kwa kila mwaka, chora mstari. Mstari utapanda. Karibu kila mada inapanda, kwa sababu machapisho duniani kote yanaongezeka kila mwaka. Kwa hiyo ukiandika "hamu ya watafiti imeongezeka" kwa kuangalia mstari huo peke yake, umeandika maneno matupu.

Tafuta pia idadi ya makala zote za elimu Tanzania kwa mwaka huohuo, ugawanye. Tuseme mwaka 2010 ulipata makala 20 za lugha kati ya 1,000 za elimu, na 2020 ukapata 60 kati ya 4,000. Idadi imepanda mara tatu. Lakini sehemu imeshuka kutoka asilimia 2 hadi 1.5. Mada imepungua uzito, wakati mstari wako ulikuwa unaimba kwamba imekua.

Mambo mawili zaidi. Usichore mwaka huu. Haujaisha, na utaonekana kama mporomoko. Na ukiona kilele, usikimbilie kusema ni sera. Makala huchukua mwaka au zaidi tangu kuandikwa hadi kutoka, kwa hiyo athari ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, usiitafute ndani ya 2015. Wakati mwingine kilele ni fedha tu: mradi mmoja wenye ufadhili wa Norwei, kama LOITASA ulivyokuwa, unaweza kutoa maandishi mengi kwa miaka michache. Soma sehemu ya shukrani mwishoni mwa makala, ndiko mfadhili anakotajwa.

Hatua ya 7: Chora ramani ya maneno

Fungua VOSviewer, chagua kuunda ramani kutoka data ya marejeo, pakia faili la Lens, kisha chagua maneno muhimu yanayotokea pamoja. Programu itakuuliza neno litokee mara ngapi angalau. Imewekwa 5 tangu mwanzo. Kwa seti ndogo ya makala 150 au 200, jaribu 3. Kama rekodi zako nyingi hazina maneno muhimu, na za elimu mara nyingi hazina, tumia njia ya pili: ramani kutoka maneno ya kichwa na ikisiri.

Duara kubwa ni neno linalotokea sana. Mistari ni maneno yanayokutana kwenye makala moja. Rangi ni makundi. Basi, nadharia imeishia hapo.

Ramani yangu ya kwanza ilinipendeza mno. Nilimpelekea msimamizi wangu, Mungu amlaze pema, nikasubiri sifa. Akaiangalia, akaona duara kubwa kuliko yote limeandikwa "tanzania". "Mwanangu," akasema, "umetafuta makala za Tanzania. Ulitegemea liwe Brazili?" Neno ulilotafutia litakuwa kubwa siku zote. Liondoe.

Namna ya kuliondoa: fungua Notepad, mstari wa kwanza andika label, bonyeza kitufe cha Tab, andika replace by. Mistari inayofuata weka neno upande wa kushoto na badala yake upande wa kulia. "medium of instruction" ibadilishwe iwe "language of instruction". "Swahili" iwe "kiswahili". Neno unalotaka lipotee kabisa, kulia acha patupu. Hifadhi faili, ulipakie pale VOSviewer inapoomba faili la visawe (thesaurus file). Ramani itabadilika mbele ya macho yako, na makundi yatakayobaki ndiyo ya kuandikia.

Hatua ya 8: Nani ananukuliwa

Panga makala zako kwa idadi ya mara zilizonukuliwa. Kisha ongeza safu ya pili: gawanya idadi hiyo kwa umri wa makala. Iliyonukuliwa mara 120 kwa miaka 20 ina 6 kwa mwaka. Iliyonukuliwa mara 30 kwa miaka 3 ina 10. Wazee wa mada na vijana wake ni orodha mbili tofauti, onesha zote.

Fahirisi h, iliyopendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005, ni rahisi kuliko inavyotisha: ni namba kubwa kabisa ambayo mwandishi ana makala za idadi hiyo, kila moja imenukuliwa angalau mara hizo. Mwandishi ana makala sita zilizonukuliwa mara 40, 12, 7, 4, 3 na 0. Shuka na orodha: makala ya nne ina 4, ya tano ina 3 tu. Fahirisi yake ni 4. Umeona kwamba ile ya 40 haikumsaidia zaidi ya kama ingekuwa na 4? Ndio udhaifu wake huo. Pia inampendelea mkongwe. Usiitumie kumlinganisha profesa aliyestaafu na mhadhiri wa miaka mitano.

Impakti fakta ni ya jarida, si ya makala wala ya mtu. Ya mwaka 2024 ni mara ambazo makala za 2022 na 2023 zilinukuliwa ndani ya 2024, kugawanya kwa idadi ya makala hizo. Nukuu 90, makala 60, unapata 1.5. Elimu inanukuliwa polepole, miaka miwili ni mifupi sana kwake, kwa hiyo usilinganishe jarida la elimu na la tiba. Tangu 2013 kuna Tamko la San Francisco linalokataza kutumia namba hii kumpima mtafiti mmoja mmoja, lakini bado utakutana nayo kwenye fomu za kupandishwa vyeo.

Na angalia majarida ya wizi. Barua pepe inakusifia "profesa mashuhuri" wakati hujamaliza uzamili, inaahidi kuchapisha ndani ya siku saba, inataka dola. Kama jarida halimo kwenye Directory of Open Access Journals wala African Journals Online, na hakuna mtu chuoni kwako anayelijua, usilihesabu na usilipie. Nililipia mimi. Tovuti ilifungwa kabla makala haijafikisha mwaka, na hela ilikuwa ya ada ya mtoto.

Hatua ya 9: Fuata nyayo hadi kwenye sera yenyewe

Wengi wanaishia hatua ya nane na kuandika kwamba anayenukuliwa zaidi ndiye mwenye ushawishi zaidi. Kwa watafiti wenzake, sawa. Kwa sera, ngoja kwanza.

Angalia mada yetu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi, wakakuta hali mbaya mno, lakini wakashauri Kiingereza kiimarishwe badala ya kuachwa. Mradi wa kukiimarisha ukaja kwa fedha za Uingereza. Mwaka 1997 Sera ya Utamaduni ikasema Kiswahili kitumike ngazi zote. Sera ya 2014 ikafungua mlango tena. Katikati ya hayo zimepita makala nyingi zikionesha kwamba mtoto anaelewa zaidi kwa lugha anayoijua, na sekondari bado ni Kiingereza. Sasa ripoti ile ya 1984, utaipimaje kwa fahirisi h? Haikuwa hata makala ya jarida.

Kwa hiyo fanya hivi. Pata nakala za sera zenyewe: 1995, 2014, na toleo la 2023. Soma marejeo yake kama yapo, na kama hayapo tafuta maneno: hoja gani ya watafiti imeingia, kwa maneno gani. Halafu tafuta hotuba za bajeti za wizara, nyaraka za elimu, kumbukumbu za Bunge. Pembeni weka ripoti za asasi za kiraia za elimu, Uwezo na HakiElimu. Chora jedwali la safu tatu: mwaka, kilichosemwa na watafiti, kilichoandikwa na serikali. Penye pengo la miaka 30 kati ya safu ya pili na ya tatu, andika pengo hilo. Mara nyingi ndilo linalogeuka kuwa mada ya tasnifu.

Mfano wa upande mwingine, ili usidhani nasema majarida hayana maana: jaribio la Isaac Mbiti na wenzake katika shule 350 za msingi Tanzania, lililochapishwa 2019, lilionesha kwamba ruzuku peke yake haikupandisha matokeo ya mitihani, ila ruzuku pamoja na motisha kwa walimu ilipandisha. Jaribu kulifuatilia kwenye nyaraka za wafadhili na za serikali kwa njia hiihii. Ni zoezi zuri la jioni moja.

Ukikwama

*Matokeo 40,000.* Hukuweka alama za kunukuu, au unatafuta ndani ya makala nzima. Bana utafutaji kwenye kichwa na ikisiri.

*Matokeo sifuri.* Kosa la herufi, au AND nyingi mno. Ondoa moja moja uone ipi inaziba.

*Ramani ni donge moja la rangi moja.* Makala ni chache au kiwango cha chini kiko juu. Shusha kutoka 5 hadi 3. Ikikataa bado, seti yako ni ndogo: acha ramani, tumia jedwali, hakuna aibu.

*VOSviewer haifunguki.* Mara nyingi ni Java. Isakinishe, ujaribu tena.

*Majina yana alama za ajabu kwenye Excel.* Usilifungue faili kwa kubofya mara mbili. Ingiza data kupitia menyu, chagua UTF-8. Na lile faili la asili usilihifadhi juu yake; tengeneza nakala kwanza, la sivyo VOSviewer italikataa.

*Google Scholar inakuuliza kama wewe ni roboti.* Umetafuta haraka mno. Kanywe kahawa, rudi baada ya saa moja.

*Makala imefungwa, wanataka dola 40.* Usilipe. Bonyeza orodha ya matoleo yote kwenye Google Scholar, mara nyingi kuna nakala kwenye hazina ya chuo fulani. Ikishindikana, mwandikie mwandishi mistari mitatu ya adabu: wewe nani, unasoma nini, unaomba nakala. Wengi hujibu, na wapo waliotutumia makala pamoja na nyingine tatu ambazo hatukuziomba.

*Msimamizi anataka Scopus na chuo hakina.* Mwoneshe daftari la hatua ya nne na hesabu za Lens, umwombe aandike kwa maandishi kama hazitoshi. Akisema hazitoshi, mwulize mkutubi wa chuo kuhusu Research4Life, mpango wa kuvipa vyuo vya nchi zinazoendelea machapisho bure au kwa bei nafuu, kabla hujakopa nywila ya mtu.